Haja Isiyosikiwa Nyumbani

Somo la redio kwa wenye ndoa na kwa wanaojitayarisha kuoa na kuolewa

Maandiko ya kusoma nyumbani: 2 Samweli 12:1-7, Mwanzo 29:31-35, 1 Wakorintho 7:3-5, Yakobo 1:14-15

 

Leo tunasema juu ya jambo ambalo hapa Kalemie husemwa kwa sauti ya chini, baada ya ibada, chini ya mwembe, na mara nyingi husemwa likiwa limekwisha kuharibika. Tunasema juu ya uzinzi ndani ya ndoa za watu wa Mungu. Lakini hatutaanzia siku ile mtu alipokamatwa. Siku ile kila mtu ana maneno. Tutaanzia nyuma, siku ile mtu mmoja ndani ya nyumba alipokuwa na haja moyoni, akaisema nusu, au hakuisema kabisa, na hakuna aliyeisikia.

Na leo tutatumia hadithi. Tumechagua tatu, zilizoandikwa na watu wenye sifa kubwa katika kazi ya kuandika hadithi fupi: Mfaransa mmoja, Mrusi mmoja, na mmoja wa hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Wengine watauliza: redio ya kanisa inatafuta nini katika hadithi za dunia, Biblia ikiwapo mezani?

Jibu liko ndani ya Biblia yenyewe. Daudi alikuwa amemchukua Bathsheba, bibi ya Uria, na Uria alikuwa amekwisha kufa vitani, kwa barua aliyoibeba kwa mkono wake mwenyewe. Mungu alipomtuma nabii Nathani, Nathani hakuingia kwa mfalme akisoma amri. Amri ile Daudi aliijua. Nathani aliingia na hadithi fupi ya watu wawili wa mji mmoja: tajiri mwenye kondoo wengi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake. Daudi alisikiliza, akakasirika, akatoa hukumu. Ndipo nabii akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Mlango wa moyo wa mfalme ulikuwa umefungwa mbele ya amri, lakini hadithi iliingia. Basi nasi tusikilize hivyo hivyo. Tukimkasirikia mtu wa hadithi, tujiulize kama si sisi.

Haja na tamaa

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Haja si tamaa. Haja ya moyo Mungu mwenyewe ameiweka ndani ya mtu: kupendwa, kuulizwa, kusifiwa, kuguswa, kucheka pamoja na mwenzake. Na haja ya ndoa si kitanda peke yake. Kuna mama anayerudi kutoka sokoni na beseni ya ndakala kichwani, anayetamani tu aulizwe siku yake ilikuwaje. Kuna baba aliyekesha ziwani anayetamani akifika apewe pole kabla ya kudaiwa pesa. Kuna bibi aliyekatisha masomo yake ya sekondari alipopata mimba ya kwanza, na kila anapomwona binti yake akivaa uniforme anatamani naye amalize. Kuna bwana aliyepoteza kazi, anayetamani mtu mmoja tu nyumbani amwone bado kuwa mwanaume.

Hizo zote ni haja. Hakuna hata moja iliyo dhambi. Lakini Mtume Yakobo anatufundisha njia ya dhambi: mtu huvutwa na kushikwa na tamaa yake mwenyewe, tamaa ikichukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Tuangalie mwanzo wa njia hiyo. Mara nyingi tamaa hupata nguvu pale haja ilipokosa kusikiwa. Haja iliyokosa mlango nyumbani hutafuta dirisha, na huko dirishani mwizi anangoja.

Tuseme pia neno lingine mapema, ili asiondoke mtu na nusu ya somo. Haja kutosikiwa si ruhusa ya kuzini. Mwenye njaa hapewi haki ya kuiba mbuzi wa jirani. Lakini aliyemnyima chakula naye asisimame mbele ya kanisa kama mtu asiyejua kitu. Kila mmoja atatoa hesabu yake kwa Mungu.

Hadithi ya kwanza: mtu aliyesema «nenda bila mimi»

Waliosoma sekondari kwetu wanalifahamu jina la Guy de Maupassant kutoka masomo ya Kifaransa. Mwaka 1883 alitoa hadithi fupi inayoitwa Les Bijoux, yaani Vito. Ndani yake kuna karani wa serikali mjini Paris, Bwana Lantin, mwenye mshahara wa franka 3,500 kwa mwaka. Ameoa binti maskini, mzuri, mwenye adabu. Nyumba inakwenda vizuri mpaka watu wanashangaa jinsi bibi huyo anavyotunza pesa kidogo. Bwana anamlaumu kwa mambo mawili tu: anapenda kwenda kutazama michezo ya tiatro, na anapenda kuvaa vito vya bandia.

Kwa tiatro, Lantin anachoka. Ametoka kazini, anataka kulala. Anamwomba bibi yake atafute mama mwingine wa kwenda naye. Bibi anakataa kwanza, kisha anakubali ili kumfurahisha. Na kwa vito, bwana anacheka tu. Ni vioo vya bei rahisi, anawaza, avichezee.

Usiku mmoja wa baridi bibi anarudi kutoka tiatro akitetemeka. Siku nane baadaye amekufa. Lantin analia mpaka nywele zinageuka nyeupe. Tena mshahara ule ule uliowatosha wawili sasa haumtoshi mtu mmoja. Siku moja, akiwa hana hata pesa ya chakula, anachukua mkufu mmoja wa «bandia» aende kuuuza. Mwenye duka anaupima, anamwambia una thamani ya franka 12,000 mpaka 15,000. Ni wa kweli. Duka lililouuza linaonyesha katika daftari kwamba uliwahi kupelekwa nyumbani kwa Bibi Lantin. Nani aliulipia? Mwandishi hasemi. Lantin anafahamu mwenyewe, na anaanguka barabarani kama mtu aliyepigwa na radi.

Na baadaye? Anaviuza vyote. Jumla inafika franka 196,000. Anaacha kazi, anajisifu kwa watu kwamba amepata urithi, na kila anapotaja kiasi anakiongeza. Miezi sita baadaye anaoa tena, mwanamke mwaminifu kabisa ila mwenye hasira ngumu, na ndoa hiyo inamtesa sana.

Wapendwa, dhambi ya bibi huyu ni dhambi, hatuipaki sukari. Lakini tumtazame na bwana. Miaka yote ile hakuuliza mambo mawili: bibi yangu anafurahia nini kule ninakomtuma peke yake, na vitu hivi vimetoka wapi? Hakuuliza kwa sababu kutouliza kulikuwa raha kwake. Nyumba ilikuwa na chakula kizuri, yeye alikuwa na usingizi wake. Na siku alipojua, hakutubu kwa kutojali kwake, alichukua pesa.

Tulete jambo hili hapa ziwani. Tunajua jinsi mji wetu unavyoishi. Mwezi ukiwa giza, wavuvi wanaingia ziwani na taa zao, usiku baada ya usiku, na mwezi ukiwa mpevu wanapumzika. Wafanyabiashara wanavuka kwenda Kigoma, wengine wanashuka Moba, wengine wanafuata reli au kwenda Lubumbashi, na majuma yanakuwa miezi. Kazi hizo ni halali, na Mungu azibariki. Lakini kuna bwana ambaye mwezi umeng'aa, mtumbwi uko mchangani, na bado hayuko nyumbani: yuko na wenzake, au yuko na telefone yake. Kwake mwezi ni giza siku zote. Bibi akimwambia «twende wote kwenye harusi ya ndugu yangu», anajibu: nenda wewe. «Twende wote kumwona mama yangu»: nenda wewe. «Twende wote kwenye semina ya ndoa kanisani»: nenda wewe, mimi nimechoka. Kisha siku moja kikwembe kipya kimeonekana kwenye kamba ya nguo, na hataki kuuliza kimetoka wapi, maana akiuliza ataombwa pesa ya kununua kingine.

Na wamama nao wasicheke. Kuna bibi anayepokea pesa nzuri kutoka kwa bwana, na anajua mshahara wake si wa kufika hapo, na hamwulizi alilala wapi wala pesa imetoka wapi. Kutouliza nako ni kufunga macho.

Hadithi ya pili: mtu wa thamani aliyekuwa mezani

Tusidhani kwamba anayesahauliwa ni mwanamke siku zote. Mwaka 1892 Mrusi Anton Chekhov, aliyekuwa mwandishi na pia daktari, alitoa hadithi aliyoipa jina linalofanana na panzi, mdudu anayerukaruka. Mwanamke wa hadithi hiyo, Olga Ivanovna, ameolewa na daktari kijana, Dymov, mtu mpole, asiye na sifa mjini, anayefanya kazi katika hospitali mbili. Olga anapenda watu wakubwa: wachoraji, waimbaji, waigizaji. Kila Jumatano wanajaa nyumbani kwake. Saa tano na nusu ya usiku mlango wa chumba cha chakula unafunguliwa, na Dymov anawakaribisha wageni mezani kwa tabasamu. Wageni wanakula, wanamwona mtu mzuri, kisha wanamsahau.

Kuna siku mbili katika hadithi hii ambazo tunaomba kila mwenye ndoa azitafakari.

Siku ya kwanza, Olga yuko shambani kwa mapumziko. Dymov, aliyemkumbuka sana, anapanda treni baada ya kazi, amebeba kifurushi cha vyakula vizuri, ana njaa, anawaza jinsi atakavyokula pamoja na bibi yake na kulala. Bibi anafika, anafurahi kumwona, na mara hiyo hiyo anamtuma arudi mjini kumletea gauni lake la harusi ya kesho. Dymov anarudi kituoni. Chakula kile kinaliwa na wengine.

Siku ya pili, Dymov anaingia chumbani uso unang'aa. Ametetea kazi yake ya utaalamu mbele ya walimu wakubwa, na huenda akapewa nafasi ya kufundisha. Anakaa, anangoja. Kama bibi yake angefurahi naye hata kidogo, hadithi inatuambia, angemsamehe kila kitu. Lakini Olga anajitazama kwenye kioo, anajitayarisha kwenda tiatro, na haelewi jambo hilo ni nini. Dymov anakaa dakika mbili, anatabasamu kama mtu anayeomba radhi, anatoka.

Wakati huo Olga alikuwa amekwisha kuanguka na mchoraji mmoja, aliyemwona mtu mkubwa. Mchoraji akachoka naye, na fedheha ikaenea. Dymov alijua, akanyamaza. Mwishoni anaambukizwa ugonjwa wa koo alipokuwa akimwokoa mtoto mgonjwa, na anakufa. Rafiki yake daktari ndiye anayemwambia Olga, kwa uchungu, jinsi Dymov alivyokuwa mtu adimu katika utaalamu wao. Alikuwa akizunguka mji kuwatafuta wakubwa, na mkubwa alikuwa nyumbani kwake akimfungulia mlango wa chakula.

Ndugu na dada, hapa tuna neno kwa kanisa letu la kipentekoste. Tunapenda watu wa sauti kubwa. Tunampenda mhubiri mgeni, mwimbaji wa kwaya, kaka anayeomba kwa nguvu mpaka kuta zinatikisika. Si vibaya kumshukuru Mungu kwa karama zao. Lakini kuna dada anayetoka kwenye mkesha akiwaza moyoni: «laiti bwana wangu angekuwa kama yule». Na huyo bwana wake ndiye aliyebaki nyumbani na watoto watatu wenye malaria ili yeye aende mkeshani. Kuna kaka anayemwandikia dada wa kwaya ujumbe wa kumtia moyo saa nne za usiku, maneno matamu ya Zaburi, na bibi yake aliye karibu naye kitandani hajasikia neno moja tamu tangu Noeli.

Tunasema wazi: uzinzi mwingi wa watu waliookoka hauanzii kwenye baa. Huanzia kwenye kusifia. Mtu anasifiwa nje kwa jambo ambalo nyumbani halikuonekana. Na aliyesifiwa nje anaanza kutamani nje.

Lakini tumwulize na Dymov swali moja. Kwa nini alinyamaza? Upole wake ulikuwa mzuri, ila ukimya wake haukumsaidia bibi yake. Bwana Yesu katika Mathayo 18:15 anatuagiza kwamba ndugu akikosa tumwendee, tumwonye, sisi na yeye peke yetu. Agizo hilo linafaa pia kwa ndugu aliye karibu kuliko wote, yule mnayelala naye chini ya chandarua kimoja. Kuvumilia bila kusema mara nyingine si upendo; ni woga wa jibu.

Hadithi ya tatu: bwana aliyekufa akiwa hai

Hadithi ya tatu inatoka Kenya. Imeandikwa na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, na imo katika kitabu chake cha hadithi fupi cha mwaka 1975. Inaitwa Wedding at the Cross, yaani Harusi Msalabani. Kisa chao si kisa cha hawara, na ndiyo maana tumekiweka mwisho.

Wariuki ni kijana maskini, karani wa maziwa, mcheshi, mwimbaji, fundi wa kuchezea baiskeli. Miriamu, binti wa familia ya Wakristo matajiri, anampenda kwa sababu ya furaha ile. Baba ya msichana anamdharau kijana mbele ya wazee wa kanisa. Miriamu anaacha mali ya baba yake, anamfuata Wariuki.

Lakini dharau ile inabaki mwilini mwa Wariuki kama mwiba. Anakwenda vita vikuu vya pili vya dunia, anarudi, anaanza kutafuta pesa. Anatajirika kwa biashara ya mbao. Anabadilisha jina, anaitwa Dodge W. Livingstone. Anajenga, anaheshimiwa, na wakwe waliomdharau sasa wanampokea. Miriamu ana nyumba na ana chakula. Wimbo hana tena. Yule kijana wa baiskeli haonekani. Faraja anaipata kwa wafanyakazi maskini wanaomwabudu Mungu wao kwa nyimbo za huzuni na matumaini.

Mwishoni mzee mkwe anataka jambo moja likamilike: ndoa yao haikufungwa kanisani, basi ifungwe kwa heshima yote. Siku inafika, watu wamejaa. Mchungaji anamwuliza Miriamu kama anamkubali Livingstone. Naye anajibu kwamba hapana. Yeye aliolewa na Wariuki, na Wariuki amekufa.

Sisi hatusomi hadithi hii ili kufundisha watu kuvunja ndoa siku ya baraka. Mungu apishe mbali. Lakini hapa kwetu Kalemie desturi hiyo tunaijua vizuri: wengi wanatoa mali kwa wazazi, wanaishi pamoja miaka kumi, kumi na mitano, wanazaa, ndipo siku moja wanakwenda kubariki ndoa mbele ya kanisa. Tunashona nguo za rangi moja, tunaalika watu, tunapiga picha. Ni jambo jema. Swali la Miriamu ni hili: anayesimama hapo mbele ni yule yule niliyempenda? Au aliondoka zamani, na mimi nimeishi na jina lake, na gari lake, na cheo chake cha ushemasi?

Kuna bwana ambaye hajawahi kulala kwa mwanamke mwingine, na bado ameiacha ndoa yake. Ameiacha kwa ajili ya heshima ya watu. Kuna mchungaji aliyeiacha kwa ajili ya huduma. Kuna mama aliyeiacha kwa ajili ya biashara, au kwa ajili ya watoto, mpaka bwana amekuwa kama mpangaji. Uaminifu wa mwili ni lazima; lakini uaminifu si mwili peke yake. Tuliahidi kumpenda mtu, si kukaa naye nyumba moja tu.

Mama Lea alifanya nini?

Sasa tumgeukie aliyeachwa. Labda anasikiliza saa hii akipika bukari, na anasema: «Mimi nimesema, nimerudia, hanisikii. Nifanye nini?»

Tunakupa dada wa kutembea naye: Lea. Katika Mwanzo 29 Biblia inasema wazi kwamba hakupendwa, na kwamba Bwana aliliona jambo hilo. Lea hakuficha haja yake. Aliiweka katika majina ya watoto wake. Reubeni alipozaliwa, alisema Bwana ameyaona mateso yake, na sasa mume wake atampenda. Simeoni alipozaliwa, alisema Bwana amesikia. Lawi alipozaliwa, alitumaini kwamba sasa mume wake ataungana naye. Kila mara Yakobo alipomwita mtoto aje kula, alikuwa akiitamka haja ya bibi yake kwa kinywa chake mwenyewe, wala hakuisikia! Fikirini jambo hilo.

Lakini mtoto wa nne anaitwa Yuda, na safari hii Lea hamtaji mume. Anasema atamsifu Bwana. Haja yake haikuondoka. Sura inayofuata inaonyesha bado alitaka mume wake. Ila moyo wake ulikuwa umepata mahali pa kusimama. Na katika ukoo wa Yuda amezaliwa Bwana wetu Yesu Kristo. Mungu aliyasikia maneno ambayo Yakobo hakuyasikia.

Tufanye nini juma hili?

La kwanza: semeni. Chagueni jioni moja, telefone zizimwe, watoto wakiwa wamelala. Kila mmoja amwambie mwenzake haja moja tu, kwa maneno ya wazi: «Ninahitaji hiki.» Mwingine asijitetee, asijibu kwa lawama ya mwaka uliopita. Asikilize, arudie alichosikia, kisha waombe pamoja. Katika 1 Wakorintho 7 Mtume Paulo anawapa bwana na bibi haki iliyo sawa, kila mmoja ana deni kwa mwenzake. Hata kunyimana kwa ajili ya maombi anataka kuwe kwa mapatano na kwa muda, ili Shetani asipate nafasi. Mtu asilitumie andiko hilo kama fimbo. Deni la upendo halidaiwi kwa ngumi. Na kupigwa si «haja isiyosikiwa», ni uovu. Mama anayepigwa asinyamaze kwa jina la uvumilivu. Awaendee wazee, jamaa na wenye sheria, alindwe.

La pili ni kwa wazee wa kanisa na wamama viongozi. Kesi ya uzinzi ikiletwa, msimlete mwanamke peke yake. Katika Yohana 8 walimburuta mwanamke waliyesema amefumaniwa, na mwanaume hakuonekana, ijapokuwa sheria katika Walawi 20:10 iliwataja wote wawili. Hata sheria ya nchi yetu imeliona jambo hili: Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987 ilimpima bibi kwa kipimo kikali kuliko bwana katika kosa la uzinzi, na marekebisho ya 15 Julai 2016 yakawaweka sawa. Ni aibu kanisa likibaki nyuma ya Kinshasa. Mkiweka nidhamu, muiweke kwa wote. Kisha mkae na nyumba ile, mwulize: kabla ya siku hiyo, ni neno gani lilisemwa humu ndani na halikusikiwa? Bila swali hilo mtakata jani na kuacha mzizi.

La tatu ni kwako uliyeanguka, au unayekaribia kuanguka. Acha leo. Futa ile namba. Usingoje njaa iishe ndipo uache kuiba. Mwendee Mungu, kisha mtafute mtumishi mwenye siri akusaidie kusema ukweli nyumbani. Yesu hakumhukumu yule mwanamke, na hakumwambia dhambi yake ni kitu kidogo. Alimwambia aende asitende dhambi tena. Mlango huo bado uko wazi.

Tuombe.

Baba yetu, wewe uliyemsikia Lea wakati hakuna aliyemsikia, utupe masikio katika nyumba zetu. Wasamehe waliotoka nje, na utusamehe sisi tuliokaa ndani bila kuwapo. Walinde walio ziwani usiku huu, na uwarudishe kwa watu wanaowangoja. Fungua vinywa vilivyofungwa kwa woga. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote.